Imamu Abu Ubeida Muslim bin Abi Karima

Imamu Abu Ubeida, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyeushika uongozi wa Ibadhi baada ya mwalimu wake, Imamu Jabir bin Zeid. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa maula wa kabila la Bani Tamim mjini Basra, mwenye chongo, na riziki yake aliipata kwa kusuka makapu. Ndiyo maana akaitwa Al-Qaffaf.

Zama zake zilikuwa zama za misukosuko. Hajjaj bin Yusuf, liwali wa Bani Umayya, alimtia gerezani, na hakutoka ila baada ya Hajjaj kufariki mwaka 95 Hijria (714). Wako waliotamani kunyanyua panga mara moja. Imamu aliona kwamba jamaa ndogo ikitoka kabla ya wakati wake hung'olewa pamoja na mizizi yake. Akachagua kitman, yaani kuihifadhi dini kwa siri.

Lakini kitman si kulala. Darasa aliliweka katika chumba cha chini ya ardhi, na mlangoni pana mnyororo. Akitokea mgeni, mlinzi huutikisa, na wote hunyamaza. Wala hakuzikamata kazi zote mkononi mwake: mambo ya mali na ya vita alimwachia Hajib Al-Tai. Wanafunzi waliomjia kutoka nchi za mbali aliwasomesha, kisha akawarudisha kwao. Nao ndio Hamalatul-ilm, wachukuzi wa elimu. Watano wa Maghrib walikaa kwake miaka mitano, mmoja wao Abdulrahman bin Rustam.

Mwaka 132 (750) dola iligeuka: Bani Umayya wakaondoka, Bani Abbas wakaingia. Katika miaka hiyo wafuasi wake walisimamisha Uimamu mara tatu: Abdullah bin Yahya Al-Kindi katika Hadhramaut mwaka 129 (747), Julanda bin Masoud Oman mwaka 132, na Abul-Khattab Maghrib mwaka 140 (757). Wote watatu waliuawa vitani. Lau elimu ingalikuwa kwa mtu mmoja, habari ingalikwisha hapo. Lakini wachukuzi walibaki. Ibn Rustam akawa Imamu wa Tahert, na dola hiyo ikadumu hadi mwaka 296 (909). Oman nayo ikapata tena Imamu mwaka 177 (793). Abu Ubeida hakuyaona hayo ya Oman, kwani alikwishafariki katika ukhalifa wa Abu Jaafar Al-Mansur.

Enyi wazazi mlio ugenini, nanyi mnaoongoza jumuiya zetu: miji hubadilika, kazi hubadilika, na watawala hubadilika. Anayeshika kila jambo peke yake huzikwa nalo. Anayefundisha watu, akawaamini na kuwagawia amana, kazi yake hubaki baada yake. Basi tujiulize ni nani tuliyemwandaa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wachukuzi wa elimu. Amin.