Sultan Qalawun na nguo ya aliyepona

  

Ndugu msomaji, Sultan al-Mansur Qalawun wa Misri hukumbukwa zaidi kwa vita vyake. Leo tutamtazama kwa jambo jingine: nyumba aliyoijenga kwa ajili ya wagonjwa, wakiwemo waliopotewa na akili.

Qalawun alitokana na Waturuki wa Kipchak, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Alitiwa utumwani akafikishwa Misri, na akanunuliwa kwa dinari 1,000, fedha nyingi mno kwa mtumwa mmoja, hata akapewa lakabu ya al-Alfi, yaani mtu wa elfu. Kiarabu alikijua kidogo tu. Hata hivyo alipanda daraja jeshini, akawa amiri mkubwa zama za Sultan Baybars, na mwaka 678 Hijria (1279) akashika usultani. Mwaka 1281 jeshi lake liliwashinda Wamongoli karibu na Homs.

Wanahistoria wanasimulia kwamba mwaka 675 Hijria (1276), akiwa bado amiri, alishikwa na maumivu makali ya tumbo mjini Dameski. Matabibu walimtibu kwa dawa zilizotoka katika maristani, yaani hospitali, iliyojengwa na Sultan Nuruddin Zangi. Alipopona alipanda farasi akaenda kuitazama, ikampendeza, akaweka nadhiri kwamba Allah akimjaalia ufalme, naye atajenga mfano wake. Wengi wetu huweka nadhiri tukiwa kitandani, tukazisahau tukishapata nafuu. Yeye aliitimiza.

Mwaka 683 Hijria (1284) kazi ilianza katikati ya Kairo, mahali palipokuwa na kasri la kale la Kifatimi, na haikuchukua hata miaka miwili. Hatupaswi kuficha kwamba amiri aliyesimamia ujenzi aliwalazimisha watu kufanya kazi, na baadhi ya wanazuoni wakachukia kusali mahali hapo kwa sababu ya dhulma hiyo. Wema wa nia hauhalalishi dhulma.

Ama hati ya wakfu, hiyo ni hazina. Milango ilifunguliwa kwa tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, muungwana na mtumwa, mwenyeji na mgeni. Mapato ya wakfu yalikaribia dirhamu milioni moja kwa mwaka. Hati ilitaja maradhi ya mwili, kisha ikataja kuvurugika kwa akili, ikieleza kuwa kuihifadhi akili ni katika makusudio makubwa kabisa. Hapa sultani alishika msingi unaojulikana na kila mwanafunzi wa sheria: akili ni moja ya mambo matano ambayo Uislamu umekuja kuyalinda. Kwa hiyo aliyepotewa nayo alihesabiwa kuwa ni mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa. Tukumbuke pia kwamba katika maristani za zama hizo baadhi ya wagonjwa wa akili walifungwa minyororo. Hilo tuliache huko huko.

Mambo mawili yanatuhusu zaidi. La kwanza, tiba iliwafuata maskini hadi majumbani mwao. Mwanahistoria al-Nuwayri, aliyepata kuusimamia wakfu huo, ameeleza kuwa wakati fulani waliohudumiwa hivyo walizidi 200. La pili, mgonjwa aliyepona alipewa nguo alipotoka. Jambo hili laonekana dogo, lakini aliyeugua kwa muda mrefu hurudi mtaani akitazamwa na kila jicho. Akirudi na matambara, watu humwona mgonjwa yule yule. Akirudi amevaa vizuri, hupokewa kama mwanaadamu mwenzao.

Sultan Qalawun alifariki mwaka 689 Hijria (1290), nje kidogo ya Kairo, akiwa safarini kwenda kuizingira Akka. Amezikwa katika jengo lake mwenyewe. Apitaye katika ushoroba wake huwa na kaburi upande mmoja na madrasa upande wa pili, na ushoroba huo ndio ulioelekea hospitalini. Kisomo na dawa vilikaa chini ya paa moja bila kugombana.

Enyi wazazi na ndugu, miongoni mwetu wako wenye maradhi yaitwayo skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti wasizozisikia wengine, au huamini kwamba jirani anamfanyia njama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wenye maradhi haya ni zaidi ya milioni 20 duniani, na kwamba walau mmoja kati ya watatu huweza kupona kabisa. Wengine wengi huishi vizuri wakiendelea na dawa. Msomeeni Qur'ani, hilo ni jema, lakini msimkatishe dawa wala msimfungie chumba cha uani.

Na akipata nafuu, kazi ya familia ndiyo kwanza inaanza. Mkumbusheni dawa na tarehe ya kliniki. Mpeni kazi anayoiweza, hata ikiwa ni kufagia duka, kulisha kuku au kumwagilia bustani, na muiongeze kidogo kidogo. Mketisheni kwenye sinia pamoja na wengine, mwende naye msikitini, mumshauri katika mambo ya nyumba. Allah ametuamrisha kuwalisha na kuwavisha wasioweza kusimamia mali zao, na kusema nao kwa wema. Lile jina la kichaa tunalomwita mtu miaka kumi baada ya kupata nafuu haliingii katika wema huo.

Sisi hatuna dirhamu milioni za wakfu. Lakini nguo safi, sahani moja na kauli njema havimshindi yeyote kati yetu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, azipe subira familia zao, na amrehemu Qalawun kwa mema yake na amsamehe makosa yake. Amin.