Alice Guy: Mali Bila Daftari

Ukurasa huu nimeutenga kwa mwanamke mmoja aliyeanza kazi akiwa karani wa kupiga taipu, akaishia kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuelekeza filamu. Jina lake ni Alice Guy. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona maisha ya mtu yanayothibitisha methali hiyo kuliko yake.

Alice alizaliwa tarehe 1 Julai mwaka wa 1873 huko Saint-Mandé, karibu na Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa na maduka ya vitabu kule Chile, mbali kabisa ng'ambo ya bahari. Kwa hivyo mtoto alilelewa kwanza na nyanya yake nchini Uswisi, akapelekwa Chile kwa wazazi wake, kisha akarudishwa Ulaya kusoma katika shule ya watawa. Lakini raha haikudumu. Biashara ilianguka, na mwaka wa 1891 baba akaaga dunia. Alice na mama yake wakabaki hawana mbele wala nyuma.

Binti huyo hakukaa akajishika tama. Alijifunza kupiga taipu na kuandika hatimkato, na mwaka wa 1894 akapata kazi ya ukarani katika kampuni moja ya Paris iliyouza kamera na vifaa vyake. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikawa mikononi mwa Léon Gaumont.

Mwezi wa Machi 1895, Alice na Gaumont walialikwa kutazama uvumbuzi wa ndugu wawili wa jamaa ya Lumière. Walionyeshwa picha zinazokwenda, za wafanyakazi wakitoka kiwandani. Watu walistaajabu, na si ajabu! Lakini wengi waliona mashine tu. Alice aliona kwamba mashine hiyo ingeweza kusimulia hadithi. Akamwendea mkubwa wake, akaomba ruhusa ya kutunga michezo mifupi na kuipiga picha. Gaumont aliliona jambo hilo kuwa mchezo wa kisichana tu, lakini akakubali kwa sharti moja: barua za ofisi zisilale.

Kwa hesabu yake mwenyewe, filamu yake ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa 1896. Inaitwa La Fée aux choux, na ni ya dakika moja hivi. Ndani yake kuna malaika wa hadithi anayetoa watoto wachanga kutoka kwenye kabichi. Msicheke! Kwao watoto wadogo huambiwa kwamba mtoto huokotwa shambani kwenye kabichi, kama vile sisi tulivyoambiwa kwamba mtoto hununuliwa hospitali.

Basi karani akawa mkuu wa utengenezaji wa filamu katika kampuni nzima ya Gaumont. Mtambo wa kuunganisha picha na sauti ya sahani ya santuri ulipopatikana, alitengeneza filamu zaidi ya 100 za waimbaji, miaka ishirini hivi kabla ya sinema za kuzungumza kuenea duniani. Mwaka wa 1906 alitoa filamu ya maisha ya Yesu yenye sehemu 25 na waigizaji wa ziada wapatao 300. Mwaka huo huo akatoa kichekesho ambamo wanaume wanashona na kubembeleza watoto huku wanawake wakistarehe mkahawani na kuwaamrisha. Mwishoni wanaume wanachoka, wanaasi. Mtazamaji anacheka, kisha anajiuliza: je, na wanawake wa kweli watavumilia mpaka lini?

Mwaka wa 1907 aliolewa na Herbert Blaché, wakahamia Marekani. Huko, mwaka wa 1910, Alice alianzisha kampuni yake mwenyewe, Solax. Mwaka wa 1912 akajenga studio mjini Fort Lee, jimbo la New Jersey, kwa gharama iliyopita dola 100,000. Wakati huo mji wa sinema ulikuwa Fort Lee, si Hollywood. Studioni alitundika kibao kikubwa cha kuwakumbusha waigizaji wasijifanye, bali waigize kama watu wanavyoishi. Mwaka huo huo alielekeza filamu ambayo waigizaji wake wote walikuwa Wamarekani weusi, enzi ambapo Wazungu walizoea kujipaka masizi usoni ili kuwaigiza. Haya yote aliyafanya akiwa na watoto wawili, katika nchi ambayo katiba yake haikuwahakikishia wanawake kura hadi mwaka wa 1920. Si mchezo!

Baada ya dhiki faraja, lakini kwake faraja ilitangulia dhiki. Makampuni makubwa yaliwameza wadogo, sinema ikahamia Hollywood, na ndoa ikavunjika. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka wa 1920. Studio ikapigwa mnada, na mwaka wa 1922 akarudi Ufaransa na wanawe. Hakupata tena kazi ya kuelekeza hata filamu moja.

Hapa ndipo penye uchungu. Filamu za zamani hazikuandikwa jina la mtengenezaji. Zilikuwa na alama ya kampuni tu. Wanahistoria walipoanza kuandika, kazi zake kadhaa walipewa wanaume, wengine wao wakiwa watu aliowafunza mwenyewe. Mwaka wa 1927 alivuka bahari kwenda kuzitafuta filamu zake Marekani, hata katika Maktaba ya Bunge. Hakupata hata moja! Hebu fikiria, mkulima anaambiwa shamba alilolima si lake, na mazao yenyewe hayaonekani.

Alice alifanya nini? Akashika kalamu. Aliorodhesha filamu zake moja moja, akawaandikia wanahistoria kuwasahihisha, akaandika kitabu cha maisha yake. Katika miaka ya 1950 Ufaransa ilimpa nishani ya heshima. Alifariki tarehe 24 Machi 1968 huko New Jersey, akiwa na umri wa miaka 94. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1976, na yeye yuko kaburini.

Leo anahesabiwa kuwa alielekeza au kusimamia filamu zipatazo 1,000, na takriban 150 zimepatikana. Mwaka wa 2024, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Paris, sanamu yake ya rangi ya dhahabu iliinuliwa kandokando ya mto Seine pamoja na za wanawake wengine tisa.

Wenzangu, tamasha la maigizo likifika sisi humpigia makofi anayesimama jukwaani. Aliyeandika mchezo, aliyeshona mavazi na aliyeelekeza mazoezi jioni hatuwataji. Nawaomba wanachama wa chama chetu: tuandike majina yao yote katika daftari la chama, wasichana kwa wavulana. Mgala muue na haki yake mpe. Na wewe dada unayetunga kimyakimya, tia jina lako chini ya kazi yako, tena kwa wino.