Maisha ya Dinu Lipatti, Mpiga Piano wa Rumania

Katika sehemu iliyotangulia tuliona kwamba "alifika" hukanushwa kwa "hakufika", na "amefika" hukanushwa kwa "hajafika". Kanuni hiyo ni nyepesi kuikariri, lakini uzito wake hudhihirika tunaposimulia maisha ya mtu. Asemaye "hajafika" huacha mlango wazi. Asemaye "hakufika" ameufunga. Tumemchagua mpiga piano Dinu Lipatti kuwa mada ya kifungu hiki kwa sababu neno "bado" lilitawala kazi yake yote, na kifo kilimkuta angali na mengi ambayo alikuwa hajayatimiza.

Lipatti alizaliwa Bucharest, mji mkuu wa Rumania, mwaka 1917. Baba yake alipiga fidla na mama yake alipiga piano. Baba yake wa ubatizo alikuwa George Enescu, mtunzi na mpiga fidla mashuhuri wa nchi hiyo. Kwa kuwa mtoto huyo alikuwa na afya dhaifu, alisomeshwa nyumbani, na kipaji chake kilionekana mapema. Mwalimu wake wa piano, Florica Musicescu, alijulikana kwa ukali wake na kwa kutovumilia kazi ya juujuu. Tabia hiyo ya mwalimu iliota mizizi katika mwanafunzi.

Alipokuwa hajatimiza miaka 18, Lipatti alikwenda Vienna, Austria, kushiriki mashindano ya kimataifa ya piano, akapewa nafasi ya pili. Mmoja wa majaji, Mfaransa Alfred Cortot, aliona kwamba kijana huyo ndiye aliyestahili nafasi ya kwanza. Akajiuzulu kwa kuupinga uamuzi wa wenzake. Baadaye Lipatti alikwenda Paris, akasoma piano kwa Cortot huyohuyo. Utunzi alisomea kwa Paul Dukas na, baada ya Dukas kufariki mwaka 1935, kwa Nadia Boulanger. Mwaka 1937 yeye na Boulanger walirekodi pamoja walzi za Brahms, yaani tungo zenye mwendo wa dansi ya mapigo matatu. Hizo ni miongoni mwa rekodi zake za mwanzo kabisa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, alirudi Rumania. Mwaka 1943 aliondoka nchini humo pamoja na mpiga piano mwenzake, Madeleine Cantacuzino, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Walifika Uswisi, na mwaka 1944 Lipatti akawa mwalimu wa piano katika chuo cha muziki cha Geneva. Ni katika miaka hiyo ya kwanza ya ugenini ambapo maradhi yalianza kumwandama. Yalikuja kutambuliwa kuwa ni ugonjwa wa Hodgkin, aina ya saratani inayoshambulia tezi za mwili. Wakati huo tiba yake ilikuwa haijapatikana.

Mwaka 1946 aliingia mkataba na kampuni ya santuri ya Columbia ya Uingereza, ambako kazi ya kurekodi ilisimamiwa na Walter Legge. Inafaa tuieleze kazi hiyo ilivyokuwa wakati ule. Upande mmoja wa santuri ulichukua muziki wa dakika nne au tano tu. Sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya sahani ya nta, na kosa lililokwisha kuingia halikuweza kukatwa. Mpigaji aliyekosea noti moja alilazimika kuurudia upande mzima tangu mwanzo. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa mgonjwa ilikuwa mtihani.

Hata hivyo, kilichozifanya rekodi za Lipatti ziwe chache si ugonjwa peke yake. Hakukubali kuupiga utungo mbele ya watu kabla hajauelewa barabara. Legge alisimulia kwamba alipomwomba arekodi utungo wa tano wa Beethoven wa piano na okestra, Lipatti alitaka apewe miaka minne ya kujiandaa. Kwa ule wa kwanza wa Tchaikovsky alitaka mitatu. Vidole vyake havikuwa vizito. Aliamini kwamba kumtumikia mtunzi ni kuifuata kazi yake kwa uaminifu, na kwamba uaminifu huo hauna njia ya mkato.

Kwa hiyo alirekodi kidogo, lakini alirekodi vizuri. Mwaka 1947, mjini London, alirekodi sonata ya Chopin ya si ndogo, na mwaka huohuo akarekodi utungo wa Grieg wa piano na okestra. Mwaka 1948 ukafuata ule wa Schumann, okestra ikiongozwa na Herbert von Karajan. Kisha nguvu zikapungua. Safari za kwenda kupiga piano katika nchi za mbali zilipangwa, zikafutwa.

Mwaka 1950 dawa mpya ya kotizoni ilimpa nafuu. Dawa hiyo ilikuwa adimu na ya bei kubwa, na marafiki zake walisaidia kuigharimia. Haikuuponya ugonjwa, iliurudisha nyuma kwa muda tu. Legge alipopata habari hizo hakungoja mgonjwa asafiri. Aliwapeleka mafundi na mitambo yao Geneva, na katika siku chache za mwezi Julai, kwenye studio ya redio ya mji huo, Lipatti akarekodi walzi 14 za Chopin, Partita ya kwanza ya Bach, sonata ya Mozart ya la ndogo na vipande vingine vya Bach. Sehemu kubwa ya sifa yake leo imesimama juu ya kazi ya siku hizo.

Tarehe 16 Septemba 1950 alipiga piano hadharani kwa mara ya mwisho, mjini Besançon, Ufaransa. Daktari wake alimsihi asipande jukwaani, lakini yeye alikuwa ameahidi. Alipiga Bach, Mozart na Schubert, kisha akaanza walzi za Chopin. Alipiga 13. Ya 14 ilimshinda, kwa kuwa nguvu zilikuwa zimekwisha. Badala yake alipiga wimbo wa sala wa Bach, kisha akaondoka jukwaani. Alifariki tarehe 2 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 33.

Miaka ya 1960 ilitolewa santuri ya utungo wa kwanza wa Chopin wa piano na okestra, ikiwa na jina la Lipatti. Wasikilizaji waliisifu kwa miaka mingi. Mwaka 1981 ikabainika kwamba aliyepiga ni Halina Czerny-Stefańska, mpiga piano wa Poland. Rekodi ya kweli ya Lipatti akiupiga utungo huo, iliyonaswa katika tamasha mjini Zürich mwezi Februari 1950, ilipatikana na kutolewa baadaye. Kisa hiki kinatufunza kwamba ukanushi nao huhitaji ushahidi, kama uyakinishi unavyouhitaji.

Sasa tuirejee kanuni yetu. Lipatti alipokuwa hai, rafiki zake waliweza kusema kwamba utungo ule wa tano wa Beethoven alikuwa hajaurekodi, na kiambishi "-ja-" kilibeba matumaini yao. Alipofariki, "hajaurekodi" ikageuka "hakuurekodi". Vitenzi hivyo viwili vinaeleza ukosefu uleule wa santuri, lakini kimoja kinangoja na cha pili hakingoji tena. Mwanafunzi atakayemwandika marehemu kwa "hajaurekodi" atakuwa ameunda neno sahihi na kusema jambo lisilowezekana. Ndiyo sababu tunawashauri walimu watarajiwa wasifundishe viambishi hivi kwa majedwali pekee, hasa katika nchi zetu, ambako wanafunzi wengi huja kwenye Kiswahili wakitokea lugha nyingine.

Zoezi

1. Orodhesha vitenzi vyote vya kifungu hiki vyenye "-ja-" ya ukanushi, kisha ueleze maana ya kila kimoja katika sentensi yake.

2. Katika kauli "kabla hajauelewa barabara", je, tendo la kuelewa limekanushwa kweli? Fafanua.

3. Andika aya moja kuhusu mtu aliye hai ambaye kazi yake haijakamilika. Iandike upya kana kwamba miaka 100 imepita tangu afariki, kisha utaje kila kitenzi ulicholazimika kukibadili na sababu yake.