Von Lettow-Vorbeck: Kamanda aliyepita Mlali, na mafua yaliyowaua watu wake

Msikilizaji, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa hapa Mlali. Mwishoni mwa Agosti 1916, askari wapanda farasi wa upande wa Waingereza walifika Mlali, ambako Wajerumani walikuwa wameweka akiba ya silaha, na mapigano yakatokea. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliiacha Morogoro akarudi nyuma kupitia milima ya Uluguru hadi Kisaki.

Mtu huyu alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 huko Saarlouis, Ujerumani. Kabla ya kuja kwetu alitumika China na Namibia. Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914, na Novemba mwaka huohuo akawashinda Waingereza Tanga. Kwa miaka minne alipigana kwa kuvizia na kuhama. Jeshi lake lilikula chakula cha wanakijiji, na pande zote mbili ziliwachukua watu kwa nguvu kubeba mizigo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi.

Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Septemba 1918 alirudi, akapita Songea kuelekea nchi ambayo leo ni Zambia. Wakati huo ugonjwa wa mapafu ulikuwa umeshaingia kwenye msafara wake. Alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi wake walipelekwa kambini Tabora, na huko mafua makali yakawaua wengi ambao risasi ziliwakosa. Katika Tanganyika nzima, wanahistoria wanakadiria kuwa mafua hayo yaliua watu kati ya 50,000 na 80,000.

Utauliza, mafua yanaua vipi kiasi hicho? Kirusi cha mafua hujizalisha kwa kunakili vinasaba vyake, na hunakili kwa makosa mengi. Makosa mengi hayana athari. Machache humsaidia kukwepa kinga ya mwili, au kushika chembe za ndani ya mapafu badala ya zile za puani na kooni tu. Akishuka mapafuni, mgonjwa hupata nimonia. Mwanzoni mwa 1918 mafua hayo yalikuwa mepesi sehemu nyingi za dunia. Wimbi lililofika kwetu mwishoni mwa mwaka lilikuwa baya zaidi, na liliwaangusha hata vijana wenye nguvu.

Mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani walimaliza kusoma vinasaba vya kirusi kile kutoka mapafu ya waliokufa, mmoja wao akiwa amezikwa kwenye ardhi ya barafu Alaska. Walipokiunda upya maabara, kiliwaua panya kwa siku chache. Waligundua kuwa ukali wake haukutokana na badiliko moja. Vinasaba kadhaa vilifanya kazi pamoja, hasa vile vya kushika chembe na vya kujinakili.

Lakini kirusi hakikuua peke yake. Bakteria waliingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuharibika, na dawa za kuwaua hazikuwapo. Kirusi kilikuta watu waliochoka, wenye njaa, waliosongamana kambini. Kirusi kilekile humlaza mmoja siku tatu na kumzika mwingine.

Von Lettow-Vorbeck mwenyewe alipona. Alirudi Ujerumani mwaka 1919 akapokewa kama shujaa. Mwaka 1920 alipoteza cheo jeshini kwa kuunga mkono jaribio la kuipindua serikali. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa na miaka 93. Jina lake limo vitabuni. Wapagazi wengi waliomfuata hawana hata kaburi linalojulikana.

Msikilizaji, kirusi cha mafua kinaendelea kubadilika kila mwaka, ndiyo maana chanjo yake nayo hubadilishwa. Usiseme ni mafua tu pale mtoto anapopumua kwa shida, au mama mjamzito na mzee wanaposhikwa na homa kali na kubanwa kifua. Wahi zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye mafua akae mbali na wengine, afunike mdomo anapokohoa, na nyumba ipitishe hewa.