Rashidi Kawawa

Rashidi Mfaume Kawawa (27 Mei 1926 – 31 Desemba 2009) alikuwa mwigizaji wa filamu, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa wa nchini Tanzania. Mapema miaka ya 1950 alikuwa mhusika mkuu katika filamu za hadithi za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika, ikiwemo Muhogo Mchungu. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika (TFL), Waziri Mkuu wa Tanganyika na kisha wa Tanzania, na Makamu wa Pili wa Rais. Anajulikana pia kwa jina la Simba wa Vita.

Utoto

Kawawa alizaliwa katika kijiji cha Matepwende, wilaya ya Songea, kusini mwa Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alikuwa Mngoni, na baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Alisoma shule ya msingi huko Liwale, kisha akaendelea na masomo Dar es Salaam kabla ya kuchaguliwa kwenda Tabora.

Shule ya Tabora

Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara katika karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapo, katika nchi ya Unyanyembe, kisha mingine ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na mingine ikaenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Kiswahili kilifika bara pamoja na mizigo yao. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, safari iliyokuwa ikichukua miezi kwa miguu ikawa ya siku chache.

Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya wavulana mjini hapo. Mwanzoni ilikusudiwa hasa kwa watoto wa machifu, ili waandaliwe kutawala kwa niaba ya serikali. Baadaye ilipokea wanafunzi kwa kufaulu mitihani, na ikawa shule iliyoheshimiwa kuliko nyingine zote za Waafrika nchini. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Kawawa alifika miaka michache baada ya Nyerere kuondoka, akakutana na vijana wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja nje ya darasa ilikuwa Kiswahili.

Alipomaliza masomo, njia ya kwenda Chuo cha Makerere nchini Uganda ilikuwa wazi kwake. Hakwenda. Alichagua kuajiriwa ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kazi kama karani serikalini mjini Dar es Salaam, kisha akahamia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Huko ndiko alikokutana na sinema.

Sinema katika Tanganyika ya kikoloni

Tanganyika ilikuwa imejaribiwa kwa filamu kabla ya hapo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi uliofadhiliwa na taasisi ya Carnegie ya Marekani ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu fupi 35 kuhusu kilimo, afya na akiba ya fedha, zikaonyeshwa vijijini kwa kutumia gari.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, awali kwa propaganda za vita. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Alitaka picha ziende polepole, hadithi iwe moja tu, na kamera isifanye hila yoyote. Mtu wa kando alieleza kwa lugha ya wenyeji yale yaliyokuwa yakionekana.

Mjini Dar es Salaam dhana hiyo ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati. Wakazi wa Kariakoo na Ilala walikuwa wakilipa viingilio kutazama filamu za Kihindi na za Marekani, na walizifuata vizuri. Serikali ya Tanganyika ikaamua kujaribu njia nyingine: filamu za burudani, zenye hadithi na vichekesho, zinazochezwa na Waafrika wa Tanganyika na kuzungumzwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, Afrika Kusini.

Uigizaji

Kawawa aliingia katika filamu hizo akiwa mtumishi wa idara iliyohusika na maendeleo ya jamii. Hakukuwa na shule ya uigizaji kwa Waafrika nchini wala jumba la maonyesho ambalo wangeweza kujifunzia. Kilichokuwepo ni vichekesho vya shuleni na vya mitaani, ngoma, na usimulizi wa hadithi.

Filamu anazokumbukwa nazo ni Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Katika Muhogo Mchungu aliigiza mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam bila kujua mambo ya mjini na kujikuta matatani. Watazamaji wa mjini walimcheka mshamba. Waliotoka shamba juzi walijiona wenyewe ndani yake.

Filamu hizo zilionyeshwa katika majumba ya sinema ya mjini na kwa magari ya sinema yaliyozunguka mikoani. Gari lilifika kijijini likiwa na jenereta, mashine ya kuonyeshea picha na kitambaa cheupe. Giza lilipoingia watu walikaa chini kutazama. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mwafrika kwenye picha akisema lugha yao, badala ya kusikia maelezo ya msemaji wa kando. Kwa njia hiyo sura ya Kawawa ilijulikana kabla hajasimama jukwaani kama mwanasiasa.

Hata hivyo filamu hizo zilikuwa mali ya serikali ya kikoloni na zilibeba mtazamo wake. Hadithi ya mshamba anayeharibikiwa mjini ilipatana na hofu ya watawala, ambao hawakupenda vijana waache mashamba na kujazana Dar es Salaam bila kazi. Mwigizaji alikuwa Mwafrika, lakini uamuzi wa nini kisemwe haukuwa wake.

Kipindi chake cha filamu kilikuwa kifupi. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuingia katika harakati za wafanyakazi.

Vyama vya wafanyakazi

Akiwa mtumishi wa serikali, Kawawa alikuwa kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, TAGSA. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 ulikuwa umewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, wengi walikiunga mkono kimyakimya tu.

Mwaka 1955 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alifika Tanganyika na kushauri vyama vidogo viungane. Oktoba mwaka huo TFL iliundwa na Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Aliacha kazi ya serikali na mshahara wake, jambo lililokuwa zito kwa mtu aliyekataa Makerere kwa sababu ya mshahara huo. Sasa aliweza kujiunga na TANU waziwazi.

TFL na TANU vilikuwa vyombo viwili tofauti kisheria, lakini vilisaidiana. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipokuwa katika mgogoro na mwajiri wao, wananchi walihimizwa kususia bia. Kawawa aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mjini Tabora. Hapo chama kilikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Uamuzi huo uliifungulia TANU mlango wa bungeni, na Kawawa alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa.

Uongozi serikalini

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aimarishe chama, na Kawawa akashika nafasi hiyo. Katika miezi hiyo aliharakisha kuwaweka Waafrika katika nafasi za juu serikalini na kusimamia maandalizi ya jamhuri.

Serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria za mwaka 1962 zilizofanya migomo kuwa karibu haiwezekani, pamoja na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Baadhi ya viongozi wa wafanyakazi aliokuwa nao TFL walipinga hatua hizo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL yenyewe ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja kilichokuwa chini ya serikali, NUTA.

Kawawa alikuwa Makamu wa Rais wa Tanganyika kuanzia Desemba 1962, na Makamu wa Pili wa Rais baada ya muungano na Zanzibar mwaka 1964. Cheo cha Waziri Mkuu kiliporudishwa mwaka 1972 alikishika hadi 1977. Kipindi hicho mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mara nyingine kwa nguvu. Alikuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Kagera vya 1978–1979, na Katibu Mkuu wa CCM kuanzia 1982 hadi 1990.

Kiswahili na filamu

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Kawawa alitangaza kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Maofisa waliozoea kuandikiana barua kwa Kiingereza walitakiwa kubadilika, na kazi ya kutafuta istilahi za ofisini ikapata msukumo mpya.

Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitengeneza Fimbo ya Mnyonge, hadithi ya mkulima maskini anayekwenda Dar es Salaam, anakosa alichotarajia na kuishia katika kijiji cha ujamaa. Waliotoa filamu walikuwa wamebadilika, lakini onyo kwa mtu wa shamba lilifanana na lile la Muhogo Mchungu.

Familia, kifo na kumbukumbu

Mke wake, Sofia Kawawa, alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Alifariki mwaka 1994.

Rashidi Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 83, na alizikwa Madale, Dar es Salaam. Barabara ya Kawawa jijini humo ina jina lake. Wengi wanaoipita wanamjua kama Waziri Mkuu wa zamani. Kizazi kilichomwona kwanza kwenye kitambaa cheupe cha gari la sinema kimekwisha kupungua.