Mtakatifu Katharine Drexel na Mali ya Baba Yake



Mara nyingi twaona jambo la kuhuzunisha vijijini mwetu. Mzee amefariki, matanga hayajaanuliwa, na tayari watoto wake wanagombana. Huyu adai mbuzi, yule adai shamba la michikichi, mwingine amekwisha kuichukua baisikeli usiku na kuificha kwa rafiki yake. Ndugu za marehemu nao waingia nyumbani kwa mjane, wabeba sufuria na mikeka. Sababu ni nini? Ni kwamba kila mmoja alikuwa amekwisha kuihesabu mali ile moyoni mwake, tangu mzee alipokuwa bado mzima. Aliingojea kama mtu angojeavyo kulipwa deni.

Je, yafaa mtoto kuingojea mali ya wazazi wake hivyo? Katika Injili twasoma habari za mtu aliyemwendea Bwana wetu Yezu Kristu, akataka amwamuru ndugu yake agawanye naye urithi. Yezu alikataa kuwa mwamuzi wao, akawaonya watu wote wajilinde na choyo. Leo tutasimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyeachiwa na baba yake mali nyingi mno, ili tuone mtoto wa Mungu aupokeavyo urithi.

Nyumba yenye mlango wazi

Katharine Drexel alizaliwa tarehe 26 Novemba 1858 katika mji wa Philadelphia, nchi ya Marekani. Babu yake alikuwa ametoka Austria, naye alikuwa fundi wa kuchora sura za watu. Baadaye aliiacha kazi hiyo akafungua nyumba ya fedha, yaani benki. Francis Anthony Drexel, baba yake Katharine, aliiendeleza benki hiyo pamoja na ndugu zake, akatajirika sana. Mama yake, Hannah, alifariki majuma matano tu baada ya kumzaa, akaacha mabinti wawili: Elizabeth, aliyekuwa mkubwa, na mtoto mchanga Katharine. Mwaka 1860 baba alimwoa Emma Bouvier, na mwaka 1863 akazaliwa binti wa tatu, Louise. Mama Emma aliwalea wote watatu kwa pendo moja.

Katika nyumba hiyo hapakukosekana kitu. Palikuwa na watumishi, walimu, vitabu na safari za Ulaya. Lakini watoto waliona mambo mengine mawili ambayo hawakuyasahau maisha yao yote.

La kwanza ni hili: kila jioni baba aliporudi kutoka benki, alikwenda kwanza chumbani mwake akapiga magoti, akasali kwa muda wa nusu saa. Watu wakubwa wa mji walimheshimu kwa ajili ya fedha zake. Watoto wake walimwona akiwa amepiga magoti mbele ya Mungu.

La pili ni hili: siku fulani za kila juma Mama Emma alifungua mlango wa nyumba kwa maskini. Wajane, wagonjwa na watu wasio na kazi walikuja, naye aliwasikiliza mmoja mmoja, akawapa nguo, chakula na dawa, au akawalipia kodi ya nyumba. Mabinti walimsaidia. Hivyo walijifunza tangu udogo kwamba vitu vilivyomo nyumbani mwao havikuwa vyao peke yao. Elizabeth na Katharine walipokua kidogo, walianza kuwafundisha katekisimu watoto wa wafanyakazi siku ya Dominika, katika nyumba yao ya shamba.

Kisha msiba ukaingia. Mama Emma alishikwa na ugonjwa wa saratani, akateseka miaka mitatu. Katharine alimwuguza. Aliona wazi kwamba fedha yote ya baba yake haikuweza kumwondolea mama maumivu, wala kumwongezea siku moja ya kuishi. Mama alifariki mwezi wa Januari 1883. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Februari 1885, baba naye akafariki.

Wasia wa baba

Basi wasia wa Francis Drexel ukafunguliwa. Mali yake ilikuwa dola milioni 15 na zaidi. Tuutazame vizuri wasia huo, kwa maana una mafundisho ndani yake.

Sehemu moja ya kumi ya mali yote aliiandikia kazi za huruma, kama vile nyumba za yatima, hospitali na shule. Zile sehemu tisa zilizobaki aliwaachia mabinti zake, lakini hakuwapa mkononi. Aliiweka mali chini ya wadhamini, na mabinti wakapewa faida yake tu ya kila mwaka, wakigawana sawasawa. Ni kama mtu aliyewaachia watoto wake shamba la michikichi, akawaruhusu kuchuma matunda, lakini akawakataza kuikata michikichi yenyewe au kuiuza. Alifanya hivyo ili kuwalinda, maana aliwajua wanaume wanaoposa binti kwa ajili ya mali ya baba yake.

Tena aliandika hivi: binti mmoja akifa bila mtoto, fungu lake liwaendee dada zake. Na wote watatu wakifa bila kuacha watoto, mali yenyewe irudi kwa zile kazi za huruma alizokuwa amezitaja katika wasia wake. Mlishike vizuri neno hili la mwisho, kwa sababu tutalirudia.

Baba huyo hakuwasahau maskini kwa ajili ya watoto wake, wala hakuwatupa watoto wake kwa kisingizio cha kuwapenda maskini. Alitimiza wajibu wake pande zote mbili. Na mabinti wakamfuata. Kwa ukumbusho wake walijenga shule ya kuwafundisha kazi za mikono vijana yatima. Waliona kwamba ukumbusho huo wampendeza marehemu kuliko kaburi la fahari.

Swali la Baba Mtakatifu

Wakati ule watu weusi wa Marekani walikuwa wametolewa utumwani mwaka 1865, lakini walidharauliwa bado. Watoto wao hawakupokewa katika shule nyingi za wazungu. Wenyeji wa asili wa nchi ile nao walikuwa wamenyang'anywa ardhi ya babu zao, wakasukumwa sehemu zisizo na rutuba. Wamisionari walikuja nyumbani kwa akina Drexel kuomba msaada kwa ajili yao, na Katharine akaanza kutoa fedha za kujenga shule.

Mwezi wa Januari 1887 alifika Roma pamoja na dada zake, akapiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo XIII. Alimwomba awapelekee wenyeji wale wamisionari. Baba Mtakatifu akamwuliza kwa nini yeye mwenyewe asiwe mmisionari. Katharine hakutazamia swali hilo. Alitoka nje akalia machozi. Alikuwa amedhani kwamba Mungu ataridhika na fedha zake. Kumbe Mungu alimtaka yeye mwenyewe.

Mwaka ule ule alisafiri mpaka nchi ya watu wa kabila la Lakota, akaonana na mkuu wao Red Cloud, akajionea kwa macho umaskini wao. Hata hivyo haikuwa rahisi kwake kuamua. Kwa miaka mingi alikuwa akimwomba mshauri wake wa roho, Askofu James O'Connor, ruhusa ya kuingia monasteri na kukaa katika sala na kimya. Askofu alimwambia angoje. Mwishowe alimshauri aanzishe shirika jipya la masista kwa ajili ya watu weusi na wenyeji wa asili. Katharine aliogopa, akatii. Mwaka 1889 aliingia unovisi kwa Masista wa Huruma katika mji wa Pittsburgh, na tarehe 12 Februari 1891 akaweka nadhiri, akawa sista wa kwanza wa Shirika la Masista wa Sakramenti Takatifu.

Ona jambo hili: sista aweka nadhiri ya ufukara, na huku kila mwaka apokea mamia ya maelfu ya dola kutoka katika mali ya baba yake! Mama Katharine aliishi je? Fedha zile zilipita mikononi mwake kama maji yapitavyo katika mfereji: hayakai mferejini, yaenda shambani. Kwa matumizi yake mwenyewe alikuwa bahili. Alivaa viatu vilivyotengenezwa tena na tena, na kalamu ya risasi aliitumia mpaka ikawa kipande kisichoshikika vidoleni. Lakini kwa shule za wengine hakuhesabu. Alisafiri kwa gari la moshi mwaka hata mwaka, akanunua viwanja, akajenga, akalipa walimu. Wazungu wengine walikasirika walipoona watoto weusi wajengewa shule nzuri karibu na nyumba zao; yeye hakurudi nyuma. Mwaka 1915 alifungua shule katika mji wa New Orleans, na mwaka 1925 shule hiyo ikawa chuo kikuu, Xavier, ambacho hadi leo chafundisha vijana, na wengi wamekuwa walimu, waganga na watengeneza dawa.

Urithi uliokwisha

Dada yake Elizabeth aliolewa, lakini mwaka 1890 alifariki katika kujifungua, yeye pamoja na mtoto. Louise aliolewa pia, naye pamoja na mumewe wakafungua shule za vijana weusi; lakini hawakupata mtoto, na Louise akafariki kabla ya Katharine. Hivyo akabaki Mama Katharine peke yake.

Sasa tulirudie lile neno la wasia. Katharine alikuwa sista, hana mtoto. Siku atakapofariki, mali yote itaziendea zile kazi za huruma zilizoandikwa na baba mwaka 1885. Shirika la masista wake halikuwamo katika orodha ile, kwa maana mwaka ule lilikuwa halijazaliwa. Binti zake wa kiroho, waliokuwa wakiendesha shule kwa fedha zile, wasingerithi hata dola moja. Mama Katharine alilijua jambo hilo muda wote. Hakujifanya mwenye mali. Alijua kwamba amepewa kuchuma matunda tu, kwa siku zile ambazo Mungu atamjalia. Basi akachuma, akagawa.

Mwaka 1935 alishikwa na ugonjwa wa moyo, na baada ya muda akaacha uongozi. Ile maisha ya sala na kimya aliyoitamani ujanani, Mungu alimjalia uzeeni: karibu miaka 20 alikaa chumbani mwake akisali, na macho yake kwa Ekaristi Takatifu. Na katika miaka hiyo pia, mapato ya mali ya baba yaliendelea kuzisaidia shule. Kila mwaka ambao Mungu aliuongeza katika maisha ya mwanamke huyu mgonjwa, watoto wengi walisoma.

Alifariki tarehe 3 Machi 1955, akiwa na umri wa miaka 96. Katika maisha yake alikuwa ametoa karibu dola milioni 20. Siku ile mapato yalikatika, na mali ikaenda mahali ilipoagizwa na baba. Masista zaidi ya 500 walibaki na shule nyingi za kuendesha. Iliwabidi kufanya kazi na kuomba msaada kwa Wakristu, nao wakaendelea. Tarehe 1 Oktoba 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mama Katharine kuwa Mtakatifu.

Tujifunze nini?

Labda mmoja wenu atasema: habari hii yatuhusu nini sisi tusio na benki? Babangu ana jembe, kuku sita na nyumba ya nyasi. Ndugu yangu, choyo hakihesabu kama ni milioni au ni kuku. Ndugu wawili waweza kuchukiana kwa ajili ya jembe moja.

Wazazi wana wajibu wa kuwatunza watoto wao, kuwafundisha kazi na kuwapeleka katika njia ya Mungu. Wajibu huo ni wa kweli, na baba anayeinywa mali yote katika pombe atende toba. Mwenye busara atamke mapenzi yake mbele ya mashahidi angali mzima, ili mjane na watoto wadogo wasinyang'anywe. Lakini mtoto aliyekwisha kukua, mwenye mikono na nguvu, asikae akihesabu miaka ya baba yake. Wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Akipewa kitu, ashukuru, na akumbuke kwamba Mungu atamwuliza amekitumiaje. Asipopewa, asiseme ameibiwa.

Dola za Francis Drexel zilikwisha kugawanywa zote. Lakini baba aliyepiga magoti jioni, na mama aliyewafungulia maskini mlango, waliwaachia mabinti zao urithi mwingine, ambao hakuna mdhamini aliyeushika wala hakimu aliyeugawanya. Urithi wa namna hii hata mzazi mwenye kuku sita aweza kumwachia mtoto wake. Na mtoto aweza kuutazamia bila dhambi, tena aanze kuupokea leo, mzee wake angali hai.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista

1. Kwa nini Francis Drexel hakuwapa mabinti zake mali yote mkononi?

2. Mama Katharine alijua kwamba masista wake hawatarithi kitu. Je, kwa sababu hiyo alilegea katika kazi yake?

3. Katika kijiji chetu, mjane na yatima watendewa namna gani mzee anapofariki? Sisi tunaotaka Ubatizo yatupasa kufanya nini?