Herman Hollerith, mtu aliyefundisha mashini kusoma hesabu za watu

Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, wengi wao wakaaji wa Beni, Butembo na vijiji vya kandokando. Kila zoni ya afya iliandika orodha yake. Jina moja likiandikwa namna mbili, kompyuta inahesabu wagonjwa wawili.

Shida hiyo ni ya zamani. Mtu mmoja aliyeishughulikia kwa mashini ni Herman Hollerith, Mmarekani aliyezaliwa Buffalo mwaka wa 1860. Utotoni, inasemekana, alichukia sana masomo ya tahajia. Labda ndiyo sababu mashini yake haikusoma maneno hata kidogo.

Alipomaliza masomo mwaka wa 1879, alifanya kazi katika hesabu ya wakaaji ya 1880. Makaratasi yalihesabiwa kwa mkono, miaka ikapita. Kwenye treni aliona wakaguzi wakitoboa tiketi kuonyesha sura ya abiria, rangi ya nywele na ya macho, ili mwingine asiitumie. Akachukua wazo hilo: kila mtu karatasi yake, kila habari tundu lake, na kila tundu mahali pake pasipobadilika. Sindano ikipita katika tundu inagusa zebaki, umeme unapita, saa ya hesabu inasogea. Alijaribu kwanza na orodha za vifo za mji wa Baltimore.

Mwaka wa 1890 mashini zake zilihesabu wakaaji zaidi ya milioni 62 wa Marekani. (Kongo yetu ilihesabu wakaaji wake kwa mara ya mwisho mwaka wa 1984.) Kampuni aliyoianzisha 1896 iliungana na nyingine, na mwaka wa 1924 ikaitwa IBM.

Mwaka wa 1928 IBM ilitoa karatasi yenye nafasi 80 kwa upana. Dirisha jeusi la amri ambalo wanafunzi wa kompyuta wa Butembo wanafungua leo, mara nyingi bado lina upana wa herufi 80. Humo, programu nyingi zina majibu ya aina mbili: moja lenye rangi na mistari kwa macho ya mtu, jingine kavu, kila habari mahali pake, ili programu nyingine ilisome bila kukisia.

Hollerith alifariki Washington, tarehe 17 Novemba 1929.